Hesabu ya Vyumba: Tujue Wenyewe Kama Msimu ni Mzuri au Mbaya



Kuna maswali mawili ambayo tunaulizwa mara kwa mara katika mikutano yetu. Wafanyakazi wa nyumba za wageni mjini Lilongwe wanauliza: mwenye nyumba akisema hana fedha za kutuongeza kwa sababu wageni ni wachache, tutajuaje kama asema kweli? Na ndugu zetu wanaokaa Dzaleka wanauliza: je, yafaa kukopa fedha ili kutengeneza chumba cha kumlaza mgeni wakati wa Tamasha la Tumaini?

Maswali haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini yote mawili hujibiwa kwa hesabu ile ile. Hesabu yenyewe haihitaji elimu ya chuo. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ataiweza, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Bei na gharama tunazozitaja katika mifano ni za kufundishia tu. Kila tawi liweke tarakimu za mahali pake pa kazi.

USIKU ULIOPITA HAUUZIKI

Kwanza tuelewe bidhaa inayouzwa. Muuza nyanya asipouza leo aweza kuuza kesho kwa bei ya chini. Mwenye chumba cha wageni hauzi chumba, anauza usiku mmoja ndani ya chumba. Usiku wa leo ukipita bila mgeni, umekwenda. Hauwekwi ghalani.

Kwa sababu hiyo biashara hii ina haraka na ina hofu. Mwenye nyumba hupunguza bei jioni ili asilaze kitanda kitupu, na hupandisha bei mji unapokuwa na mkutano mkubwa. Siku hizi, mbali na hoteli na loji za zamani, ziko pia nyumba za kawaida katika Area 10, Area 43, Area 47 na kwingineko ambazo hupangishwa kwa usiku au kwa wiki, nyingine kwa njia ya simu na intaneti. Kampuni kama Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, humpatia mwenye nyumba wageni kutoka nchi za mbali, na hukata ada yake kabla fedha haijamfikia. Lakini hata mgeni akija kwa njia ya simu, shuka haifuliwi na simu. Inafuliwa na mtu.

KUJAA SI KUTAJIRIKA

Tuchukue nyumba moja yenye vyumba 4. Mwezi una siku 30. Vyumba 4 mara siku 30 ni usiku 120. Hiyo ndiyo bidhaa yote ya mwezi, wala haiongezeki.

Tuseme katika usiku huo 120, ulionunuliwa ni 48. Gawanya 48 kwa 120, kisha zidisha kwa 100. Utapata 40. Maana yake nyumba ilijaa kwa asilimia 40. Hicho ndicho kipimo cha kujaa.

Tuseme tena bei ni kwacha 40,000 kwa usiku. Mapato ya mwezi ni 48 mara 40,000, yaani kwacha 1,920,000. Ukigawanya fedha hiyo kwa usiku wote 120, hata ule mtupu, unapata kwacha 16,000. Hicho ni kipimo cha pili, na ndicho kinachosema ukweli zaidi, kwa kuwa kinaonyesha kila usiku wa nyumba umeleta nini, uwe umelaliwa au haukulaliwa.

Sasa mwenye nyumba anapunguza bei mpaka 30,000 na wageni wanaongezeka. Usiku ulionunuliwa unakuwa 72, yaani asilimia 60. Mapato ni kwacha 2,160,000. Kwa kila usiku wa nyumba ni kwacha 18,000.

Tutazame vizuri hapo. Vitanda vilivyolaliwa vimeongezeka kutoka 48 hadi 72. Kazi ya mfanyakazi imeongezeka kwa nusu nzima. Mapato yameongezeka kwa kwacha 240,000 tu, yaani asilimia 12 na nusu. Kwa hiyo kujaa kwa nyumba ni kipimo cha jasho letu, na mapato ni kipimo cha fedha yake. Vipimo hivi viwili haviendi pamoja sikuzote. Mwenye nyumba akisema "tumejaa lakini hakuna fedha", yawezekana kabisa kuwa asema kweli, kwa sababu amejaza kwa bei ya chini. Lakini hapo ndipo tunapotakiwa kumwuliza: punguzo hilo la bei umelilipa wewe, au tumelilipa sisi kwa migongo yetu?

Kuna jambo jingine lisiloonekana katika kujaa. Mgeni mmoja akilala usiku 6, chumba husafishwa kwa ukamilifu mara moja anapoondoka. Wageni 6 wakilala usiku mmoja mmoja, ni shuka mara 6, taulo mara 6, choo mara 6. Kwa mwenye nyumba zote mbili ni usiku 6. Kwa mfuaji ni kazi mara 6. Ndiyo maana tunasema hesabu ya kazi ihesabu wageni wanaoondoka, isihesabu usiku peke yake.

GHARAMA ZINAZOKAA NA GHARAMA ZINAZOTEMBEA

Mapato si faida. Lazima tutoe gharama, na gharama ziko za namna mbili. Ziko zinazokaa mahali pamoja, mgeni awepo asiwepo: kodi ya jengo, mshahara wa mlinzi, mishahara ya wafanyakazi wa kudumu, bati na rangi. Na ziko zinazotembea na mgeni: sabuni, maji, umeme, chai ya asubuhi, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika.

Tuseme katika nyumba yetu gharama zinazokaa ni kwacha 1,200,000 kwa mwezi, na kila usiku wa mgeni hula kwacha 8,000. Kwa bei ya 40,000, kila usiku huacha 32,000. Gawanya 1,200,000 kwa 32,000. Utapata 37 na nusu. Maana yake usiku wa 38 ukiuzwa, nyumba imetoka katika hasara. Na 38 katika 120 ni karibu asilimia 32 tu.

Hapo tumeona jambo kubwa. Nyumba ambayo theluthi mbili ya vitanda vyake ni vitupu yaweza kujilipia. Kwa hiyo anayesema "nusu ya vyumba ni vitupu, basi ni hasara" hajasema lolote mpaka aonyeshe gharama zake.

Tupime miezi ile miwili ya mwanzo. Katika mwezi wa usiku 48, kila usiku uliacha 32,000, jumla 1,536,000. Toa 1,200,000. Imebaki 336,000. Katika mwezi wa usiku 72 kwa bei ya 30,000, kila usiku uliacha 22,000, jumla 1,584,000. Toa 1,200,000. Imebaki 384,000. Tofauti ni kwacha 48,000. Wafanyakazi walitandika vitanda 24 zaidi, na kila kitanda kilimpa mwenye nyumba kwacha 2,000 za ziada. Yeye mwenyewe hakufaidi sana. Sisi tulichoka bure. Punguzo la bei lisilopigiwa hesabu huumiza pande zote mbili, na mfanyakazi anayejua hesabu anaweza hata kumshauri mwajiri wake.

MISIMU YA LILONGWE

Mji wa Lilongwe, uliokuwa makao makuu ya nchi mwaka 1975, si mji wa watalii. Ni mji wa ofisi. Watalii hupita tu kwenda Ziwa Malawi. Kwa hiyo msimu wake una sura yake.

Kwanza ni msimu wa wiki. Semina na mikutano ya wizara, mashirika na mabalozi huwa Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa wiki vitanda hubaki. Huko Salima, kwenye ufuko wa Senga, ni kinyume chake: wageni huja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Anayefanya kazi mjini na anayefanya kazi ziwani wana siku tofauti za kuchoka, na mapumziko yao yapangwe hivyo.

Pili ni msimu wa mwaka. Mvua huanza Novemba na kuisha kama Aprili. Mei hadi Agosti ni kipupwe, barabara ni kavu, na harusi ni nyingi kwa kuwa mavuno yamepatikana. Soko la tumbaku la Kanengo hufunguliwa kwa kawaida Machi au Aprili na kuendelea kwa miezi kadhaa, nalo huleta wanunuzi, madereva na wakulima wanaofuata marobota yao. Wanunuzi hulala hoteli, wakulima hulala gesti za bei nafuu. Msimu ni ule ule, vitanda ni mbalimbali.

Tatu, misimu hubadilika. Zamani mwaka wa fedha wa serikali ulianza Julai. Tangu 2022 unaanza Aprili, na hivyo Bunge la bajeti likaanza kukutana mapema, kuanzia Februari. Mwezi wa mvua uliokuwa wa kupiga miayo ukaanza kupata wabunge na maofisa. Mwenye nyumba anayekwambia "Februari sikuzote ni mbovu" huenda anasoma kalenda ya zamani.

Nne, yako mambo makubwa yasiyorudi kila mwaka. Uchaguzi mkuu wa tarehe 16 Septemba 2025 ulileta waangalizi na waandishi wa habari. Kwa upande wa pili, wakati wa korona, safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 1 Aprili 2020, zikafunguliwa Septemba mwaka huo. Miezi mitano hiyo hakuna bei iliyoweza kuleta mgeni kutoka ng'ambo. Msimu wa namna hiyo haumalizwi kwa kupunguza bei. Humalizwa kwa akiba, na asiye na akiba huwafukuza watu.

KIPIMO NI MWAKA, SI MWEZI

Turudi kwenye nyumba yetu, bei ikiwa 40,000. Tuseme mwaka una miezi 4 mibaya ya usiku 24, miezi 4 ya kati ya usiku 48, na miezi 4 mizuri ya usiku 72.

Mwezi mbaya: 24 mara 32,000 ni 768,000. Toa 1,200,000, ni hasara ya 432,000. Miezi 4 ni hasara ya 1,728,000.
Mwezi wa kati: faida ya 336,000. Miezi 4 ni 1,344,000.
Mwezi mzuri: 72 mara 32,000 ni 2,304,000. Toa 1,200,000, imebaki 1,104,000. Miezi 4 ni 4,416,000.

Jumla ya mwaka ni faida ya kwacha 4,032,000, ingawa miezi minne ilikuwa ya hasara tupu. Ukimsikiliza mwenye nyumba katika mwezi mbaya, anakuonyesha daftari na daftari linasema kweli. Lakini ni ukweli wa ukurasa mmoja. Mazungumzo ya mishahara yafanywe kwa daftari la mwaka mzima. Fedha ya miezi mizuri ikienda yote kwenye gari jipya, mfanyakazi asiambiwe alipie miezi mibaya kwa kukaa nyumbani bila mshahara. Huko Zanzibar, ambako wageni hupungua sana wakati wa masika, Aprili na Mei, wafanyakazi wa hoteli wanaijua adha ya kurudishwa nyumbani mvua zikianza na kuitwa tena Juni kana kwamba ni wageni kazini.

DOLA NA KWACHA

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola moja ikatoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Chumba kinachopangishwa kwa dola 40 kililetwa kwacha 47,200, kikaanza kuleta 68,000, bila kuongezwa hata mto mmoja. Mfanyakazi hulipwa kwa kwacha, na sabuni, mafuta na unga vilipanda bei. Kwa hiyo katika nyumba zinazopokea dola ni lazima tuulize: bei hii ni ya fedha gani? Mwenye nyumba anayepokea kwacha tupu ameumia pamoja nasi, tusimtie katika fungu moja na mwingine.

Yako pia mambo ya sheria. Januari 2024 kima cha chini kiliwekwa kwacha 90,000 kwa mwezi, na kwa mfanyakazi wa nyumbani kwacha 52,000. Januari 2025 vikapandishwa tena. Kwa sababu ya tofauti hiyo, baadhi ya wenye nyumba za kupangisha kwa usiku humwita mfuaji wao "mfanyakazi wa nyumbani". Lakini nyumba inayouza usiku kwa wapita njia ni mahali pa biashara. Mtu anayetandika vitanda vya wateja hatumikii familia. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2000 inaweka saa 48 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada kulipwa si chini ya mara moja na nusu. Msimu mzuri haufuti sheria hiyo.

DZALEKA: CHUMBA KITUPU HAKIPO

Sasa twende Dzaleka, wilaya ya Dowa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi kutoka Kongo aliyekuwa mkimbizi hapo, alianzisha Tamasha la Tumaini. Hufanyika kwa siku chache kila mwaka, aghalabu Novemba au karibu na hapo. Watu hutoka Lilongwe na nchi za nje kusikiliza muziki, kula na kununua. Wageni wengine hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe, na familia hupata kipato. Hili ni jambo jema, kwani mgeni huja kambini kama mgeni, si kama mkaguzi.

Lakini tupige hesabu. Tuseme mgeni analipa kwacha 15,000 kwa usiku na analala usiku 3. Ni kwacha 45,000. Familia ikikopa 90,000 kununua godoro, chandarua na shuka, itahitaji matamasha mawili kurudisha mkopo, yaani miaka miwili, bila kuhesabu riba wala chakula cha mgeni. Usiku 3 katika 365 haufiki hata asilimia 1. Hakuna biashara ya vyumba inayoishi kwa kujaa chini ya asilimia 1.

Tena kuna tofauti kubwa na Lilongwe. Mjini, chumba kisipopata mgeni ni kitupu, na utupu ndio hasara. Dzaleka chumba hakiwi kitupu. Ili mgeni alale, watoto huenda kwa jirani na mama hulala jikoni. Hilo lilizidi baada ya Machi 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini ifikapo tarehe 15 Aprili, kisha polisi wakaanza kuwakusanya mwezi Mei. Kwa hiyo bei ya usiku Dzaleka isipimwe kwa godoro peke yake. Ipimwe pia kwa watu waliohama kumpisha mgeni. Anayepokea mgeni kwa bei ya kutupa amewauza watoto wake usingizi.

Ushauri wetu ni huu. Usikope kwa ajili ya usiku tatu. Nunua kitu ambacho familia itakitumia siku 362 nyingine, na mgeni akikute tayari. Kama ni lazima kupata fedha pamoja, tumieni umoja mnaoujua: likelemba kwa Wakongo, upatu kwa Watanzania, banki mkhonde kwa wenyeji wetu. Familia tano zikinunua magodoro pamoja na kupokezana wageni, mzigo hugawanyika. Na kubalianeni bei ya chini kabla ya wageni kufika, jirani asishindane na jirani kwa kushuka.

Wako pia ndugu wanaotoka Dzaleka kufanya kazi za usafi na ulinzi mjini. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiweka masharti yake kuhusu kazi ya mshahara, na Sheria ya Wakimbizi ni ya mwaka 1989. Asiye na kibali huogopa kudai, na mwajiri mbaya hujua kuwa anaogopa. Wenyeji wasimchukie ndugu huyo kwa kulipwa kidogo. Mshahara wake ukiwa mdogo, wa mwenyeji nao huvutwa chini. Haki yake ni ngao yetu.

TUFANYE NINI

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho pia. Kila mahali pa kazi pawe na daftari dogo la wafanyakazi lenye mambo manne: tarehe, vyumba vilivyolaliwa, wageni walioondoka, na saa tulizofanya kazi. Bei andikeni ikiwa imebandikwa ukutani. Msiibe karatasi za ofisi wala kufungua simu ya mtu. Hakuna haja. Anayetandika kitanda ndiye anayejua kama kimelaliwa.

Baada ya mwaka mmoja, nendeni mezani na madai haya:
1. Mishahara izungumzwe kwa hesabu ya mwaka mzima.
2. Sehemu ya mapato ya miezi mizuri iwekwe akiba ya mishahara ya miezi mibaya.
3. Likizo za mwaka na matengenezo yapangwe katika miezi ya wageni wachache, badala ya kuachisha watu kazi.
4. Bei ikipunguzwa ili kujaza nyumba, mikono iongezwe au saa za ziada zilipwe.

Madai haya hayaui biashara. Nyumba isiyofukuza watu Februari huwa na mikono yenye ujuzi Julai, wageni wanapofurika. Mkileta madaftari yenu, tutakaa pamoja na kila tawi kuyapigia hesabu. Mfanyakazi mmoja akisema "wageni walikuwa wengi", hayo ni maneno ya mtu mmoja. Madaftari kumi ya nyumba kumi yakisema hivyo, huo ni ushahidi.

Umoja ni nguvu.